Kuhesabiwa Mbeya

Mvua ya Mbeya haingoji Noeli. Inaanza Novemba, na Desemba ikiingia imeshashika kasi: asubuhi jua linachoma, saa nane mchana wingu linashuka kutoka mlima Loleza, saa tisa watu wa Mwanjelwa wanakimbiza bidhaa zao chini ya maturubai. Siku hizohizo wakulima wote wanataka mbolea. Wa Umalila wanatafuta Urea ya kukuzia, kwa sababu kule juu walipanda mapema. Wa Usangu wanaandaa majaruba ya mpunga. Wengine ndiyo kwanza wanahangaikia DAP ya kupandia. Baba watoto ana duka la pembejeo, na huku mahindi ya mvua ni msimu mmoja tu kwa mwaka. Ukimfungia mkulima duka tarehe 20 kwa sababu unasafiri kwenda kula sikukuu, umemfungia ugali wa mwaka mzima.

Ndiyo maana sisi ni Wachaga tusiokwenda Uchagani Noeli.

Nchi nzima inatutania kwamba Desemba tunakwenda kuhesabiwa. Nenda stendi ya Nanenane kuanzia tarehe 18, muulize yeyote mwenye begi kubwa na ndoo ya zawadi anakwenda wapi, atakujibu hivyo hivyo na wote mtacheka. Halafu anapanda basi la Makambako, Iringa, mlima Kitonga, Mikumi, Chalinze, Segera, Same, hadi Moshi, zaidi ya kilomita elfu moja amekunja magoti, na hajutii hata moja. Utani huo nimeutumia tangu niko sekondari. Sikuwahi kuusikiliza unasema nini, mpaka mwaka wa kwanza tulipobaki.

Ilikuwa 2017. Mwaka ule tarehe 24 iliangukia Dominika, kwa hiyo asubuhi kanisani uliwashwa mshumaa wa nne wa Majilio, na jioni ileile ukawa mkesha wa Noeli. Asubuhi tulikuwepo. Jioni hatukuwepo. Baba watoto alikuwa dukani akipokea mzigo uliochelewa, mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele wa Kyela, na moyoni nilikuwa nimeamua kwamba watoto wasione tofauti yoyote. Nilinunua mti wa plastiki, taa za rangi, nguo mpya, kreti tatu za soda. Kesho yake tulifika kanisani Injili inasomwa, tukasimama mlangoni. Tulirudi, tukala pilau na kuku, tukawasha televisheni. Simu zikaanza kuingia kutoka Kibosho, Moshi, kwa wakwe zangu, na video za ndafu, na za watu wakiimba uani, na kila moja nikaitazama mara mbili.

Jioni, saa moja hivi, mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa na miaka sita, akanisogelea amevaa nguo zake mpya zilizoshadondokewa na soda. Akaniuliza: "Mama, babu atatuita saa ngapi?"

Hilo swali lilinikalisha chini.

Niwaeleze kuita kulikokuwa kunasemwa. Nyumbani kwa baba mkwe, Kibosho, jioni ya tarehe 24 kabla ya kupanda kwenda kanisani kwa mkesha, watu wote waliokuwemo kwenye kihamba, shamba la ukoo, walikusanywa uani, migomba nyuma yao. Umeme uwepo usiwepo, babu alisimama na taa ya chemli mkononi. Akafanya ishara ya msalaba, halafu akaanza kutaja majina. Alianza na waliolala pale pale kihambani, baba yake na mama yake na mtoto wake mmoja aliyefariki mdogo. Akajitaja yeye mwenyewe. Akawataja watoto wake kwa kufuata walivyozaliwa, wakwe zake, wajukuu, hadi kichanga kilichobebwa. Kila aliyetajwa aliitika "Nipo". Kwa ambaye hakuja, mtu wa karibu yake aliitika "Yuko mbali", na hapo babu alinyamaza kidogo, midomo ikicheza, kisha akaendelea. Hakuruka jina hata la yule aliyekuwa amekosana na ukoo. Hasa hilo.

Na kabla ya majina aliuliza kama kuna mwenye neno na mwenzake. Siyo swali la mapambo. Kando ya njia ya kuingilia kuna masale, mimea ya majani marefu, na kila Mchaga anajua kwamba ukiletewa isale umeombwa msamaha, na si rahisi kulikataa. Mwaka mmoja nikiwa mkwe mgeni niliona ndugu wawili, waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba, wamesimama na jani moja kati yao, mmoja amelishika huku na mwingine kule, na hakuna aliyezungumza. Babu aliwasubiri. Tulichelewa misa. Hakuna aliyelalamika.

Sasa mimi nilikuwa nimekaa sebuleni Mbeya, mtoto ananiuliza babu ataita saa ngapi, na nikagundua kwamba Noeli zangu zote nilikuwa nimebebwa. Kengele ya misheni ilikuwa inanikumbusha saa. Njia yenyewe ya kupanda kwenda kanisani, na tochi za watu mbele na nyuma, ilikuwa inanifanyia maandalizi ya moyo. Babu alikuwa anasali, mimi naitika "Nipo". Mtoto aliyebebwa mgongoni haujui mlima. Nilidhani nina imani ya Noeli, kumbe nilikuwa na nyumba yenye imani, na nyumba hiyo nilikuwa nimeiacha kilomita elfu moja nyuma.

Najua wako wanaosema ukiwa mbali na kwenu basi Noeli ni siku ya mapumziko tu, ulale, ule, usubiri mwaka utakaopata nauli. Nimeyasikia hata kwa watu wanaosali sana. Siwezi kukubaliana nao. Fungua Luka sura ya pili uangalie wale wawili wa kwanza. Walikuwa safarini. Amri ya Kaisari Augusto iliwataka watu wakaandikwe, kila mtu mjini kwa ukoo wake, na Yusufu akapanda kutoka Nazareti kwenda Bethlehemu kwa kuwa ni wa mbari ya Daudi. Alikwenda kuhesabiwa! Utani wetu wote umo mle. Na alipofika huko kwao, kwenye mji wa mababu zake, nafasi haikupatikana. Mama yake Yesu alijifungulia mahali ambapo hakuna bibi wa kumkanda wala shangazi wa kumpikia mtori. Noeli ya kwanza haikuwa na nyumbani.

Kwa hiyo 2018 tulianza mapema, Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 2 Desemba. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilimwomba kijana wa bodaboda anayepita njia ya Chunya aniletee vitawi vya paina kutoka kule Kawetire, nikavisuka kwenye sinia kuwa taji. Mishumaa ya zambarau na ya waridi sikuipata popote Mwanjelwa, nikanunua minne myeupe, mitatu nikaifunga utepe wa kitambaa cha zambarau nilichokata kwenye gauni langu la zamani, mmoja nikaufunga wa waridi kwa ajili ya Dominika ya tatu, Dominika ya Furaha. Umeme ulikatika usiku ule wa kwanza. Tukawasha mshumaa mmoja, na ule mmoja ukawa ndiyo taa ya nyumba nzima. Watoto wakanyamaza wenyewe.

Kisha tukaanza majina. Babu anataja yote usiku mmoja, sisi tukaamua kutaja jina moja kila usiku kwa muda wote wa Majilio. Mtoto anachagua: leo shangazi wa Rombo, kesho baba mdogo aliyeko Mwanza. Tunasoma mistari michache ya siku hiyo, tunamwombea huyo mtu, halafu tunampigia simu. Hatumwambii sana, tunamsalimia tu na kumwambia tumemtaja leo. Yule shangazi wa Rombo alikaa kimya kwenye simu hadi nikadhani mtandao umekata. Baadaye akasema simu za Desemba anazozipata zote ni za michango, hii ndiyo ya kwanza isiyomwomba kitu. Tangu hapo nimekuwa mgumu kwa zile picha za heri zinazotumwa kwa watu mia mbili kwa kubonyeza mara moja. Tuma ukitaka. Lakini mtu mmoja aliyepigiwa na kutajwa jina lake mbele ya Mungu amepata kitu ambacho picha haibebi.

Mwaka huohuo, tarehe 21 Desemba, siku nne kabla ya Noeli, Papa Fransisko aliipandisha Mbeya kuwa Jimbo Kuu, na Askofu Gervas Nyaisonga akawa Askofu Mkuu wake wa kwanza. Habari hiyo ilifika kwenye jumuiya yetu ikapokelewa kwa vigelegele. Mtoto wa pili akaniuliza kama Papa anaijua Mbeya. Nikamwambia anaijua kwa jina. Akaridhika kabisa, na usiku ule akachagua kumtaja Papa. Simu tu ndiyo hatukupiga.

Mwaka uliofuata niliharibu. Niseme ukweli, maana nimeona akina mama wengine wakipita njia hiyo. Nilipoona mambo yamekwenda vizuri nikaongeza. Novena ya Noeli kuanzia tarehe 16, rozari nzima, masomo, maombi ya kila mmoja kwa sauti, saa nzima kila usiku baada ya watoto kutoka kuchezea matope na baba yao kutoka kubeba mifuko ya kilo 50. Usiku wa nne mtoto wetu mkubwa alijifanya amelala. Nilipomwamsha kwa ukali akasema huku analia kwamba Mungu wangu anapenda watu wachoke. Alisema "Mungu wako".

Baba watoto hakunigombeza. Tulipobaki wawili akasema kitu anachowaambia wakulima kila siku: Urea ukiiweka nyingi karibu na shina, inaunguza mche uleule ulioutaka ukue. Kesho yake nilimwomba mtoto msamaha. Kuanzia hapo ni mshumaa, somo moja fupi, jina moja, wimbo mmoja. Dakika kumi. Mtu akitaka kubaki anasali, anabaki, na siku hizi anayebaki mara nyingi ni yeye.

Pango ndilo lililotupa raha kubwa kuliko yote. Wengi wanajua kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi ndiye aliyeandaa pango la namna hii kule Greccio, Italia, Noeli ya 1223, akaweka hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho umaskini aliozaliwa nao Bwana. Kwetu jiwe la pango ni mfuko mtupu wa mbolea, ule wa kusukwa, uliopakwa udongo ukakunjwa ukakauka. Kondoo ni wa udongo wa mfinyanzi. Udongo mzuri tulirudi nao mwaka tuliokwenda Matema, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, tukawaona wanawake wa Kikisi wakifinyanga vyungu, udongo ukigeuka mikononi mwao mpaka unakuwa duara kamili. Mtoto wa pili alikaa mbele ya mama mmoja saa nzima hasemi. Aliporudi akafinyanga kondoo kumi na wawili, na Maria aliyemvisha kipande cha kitenge, na Yusufu mwenye jembe begani. Nilitaka kumwambia Yusufu alikuwa seremala. Nikamtazama baba yake aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, mabega yamejaa vumbi jeupe la mbolea, nikaacha.

Hori linabaki tupu mpaka usiku wa tarehe 24. Kila aliyefanya jambo jema kwa siri anaweka ganda moja kavu la hindi ili Mtoto akija alale pazuri. Hatuulizani nani kaweka. Kuna siku nilikuta maganda sita yameongezeka kwa mpigo, na sikujua, na hadi leo sijui.

Isale nalo tunalo. Babu alifariki mwaka 2020, tukasafiri kumzika, na katika kurudi baba watoto akang'oa mche mmoja pale njiani akaubeba ndani ya chupa ya maji iliyokatwa. Sasa liko kwenye ndoo ya rangi mlangoni kwetu, na limeshamiri, ardhi hii ya volkano hailinyimi kitu. Limetumika. Kuna Desemba mume wangu alikosana vibaya na mtu wa biashara kwa sababu ya mzigo, wakafikia kutishana kupelekana mbele. Ilikuwa wiki ya tatu ya Majilio. Kila usiku anakaa mbele ya mshumaa wa waridi amekunja uso. Asubuhi moja niliweka jani la isale kwenye mfuko wa chakula chake cha mchana, sikusema neno. Alirudi usiku sana. Akaniambia: "Nimekwenda kwake. Hakujua ni jani la nini, ikabidi nimweleze." Yule bwana ni Msafwa, mwenyeji wa hapa Mbeya. Nasikia jani amelibandika ukutani dukani kwake.

Chakula nitakipita haraka, ingawa watu hupenda kuuliza. Ndizi za mshare halisi sijazipata, kwa hiyo mtori wangu napika kwa ndizi zinazoshuka kutoka Tukuyu, unakuwa mzito kidogo, na sasa watoto ule wa kwa bibi ndiyo wanauona mwepesi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hakuna. Mama jirani yetu ni Mnyakyusa wa Rungwe, Mmoraviani kindakindaki, wa familia ambayo imekuwa Moraviani tangu wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 au muda mfupi baadaye. Yeye huleta mbalaga, ndizi za kupika za Kinyakyusa, mimi napeleka mtori. Asubuhi ya Noeli matarumbeta ya kanisa lake yakipita barabarani, wanangu wanakimbilia getini bila viatu. Wakishukuru, kwake wanasema ndaga, kwa bibi kwenye simu wanasema aika, na hawajawahi kukosea.

Mama huyo ndiye aliyesema neno lililonikaa. Nilikuwa namlalamikia kwamba mwaka mwingine unakwisha bila kwenda nyumbani. Akaniambia, "Mama, wewe unaomba kila siku Mungu akae nyumbani kwako. Sasa nyumbani kwako ni wapi? Mpe anuani inayoeleweka."

Halafu ikaja sensa ya 2022.

Wote mnaikumbuka. Jumanne, tarehe 23 Agosti. Karani alifika kwetu na kishikwambi chake, binti mdogo mwenye adabu, tukamkalisha chini ya mparachichi. Akauliza ni nani na nani walilala katika kaya hii usiku wa kuamkia siku ile. Baba watoto akaanza kumweleza kwamba sisi kwetu hasa ni Kibosho, kihamba kipo, makaburi yapo. Yule binti akamsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole: "Nimekuelewa, baba. Lakini nauliza mlilala wapi." Mume wangu akacheka, halafu akanyamaza. Akataja majina. Yake, langu, ya watoto watatu, na la binti wa Kasulu anayesoma chuo hapa Mbeya, ambaye mwenyekiti wa jumuiya alituomba tumpe chumba kwa sababu hosteli ilimshinda bei. Sita. Katika wale watu 61,741,120 waliohesabiwa Tanzania mwaka ule, sita walihesabiwa chini ya mparachichi wetu.

Karani alipoondoka mume wangu alibaki amekaa pale. Akasema, "Baba alikuwa anatuhesabu kama yule binti. Anauliza nani yupo." Mwaka ule akasema atataja majina yeye, usiku mmoja, yote, kama baba yake. Tangu babu afariki ilikuwa haijafanyika kwetu. Kibosho kazi hiyo aliichukua bibi, na kwa kuwa kichwa chake kimeanza kuchanganya wajukuu, yeye anaandika. Ana daftari la shule, lile la kurasa mia mbili. Kila Noeli ana ukurasa, na kwenye ukurasa kuna waliopo na walio mbali, na simu inapigwa kwa kila mji ili walio mbali nao waitike.

Tarehe 24 mwaka ule ilikuwa Jumamosi. Tulipanga kutaja majina saa kumi na mbili na nusu jioni, tupigiane na bibi, kisha twende mkesha. Saa kumi na mbili na nusu baba watoto hayupo. Saa moja hayupo, na mvua ile inayopiga bati mpaka hamsikilizani. Saa moja na nusu akaingia na mzee aliyelowa hadi mifupani.

Alikuwa ametoka Umalila asubuhi kufuata mifuko miwili ya Urea ya ruzuku. Mtandao ulisumbua siku nzima, namba yake ya mkulima haikufunguka mpaka saa kumi na moja, na alipopata mbolea yake gari la mwisho la kupanda Umalila lilikuwa limeshindwa kwa matope, limegeuza. Alikuwa amekusudia kulala barazani dukani, juu ya mifuko yake. Baba watoto akakataa.

Nilimpa taulo, na suruali ya mume wangu ikamfupia. Alikaa kwenye ncha ya kochi kama mtu anayeogopa kulichafua. Nikampa chai ya tangawizi, nikamweleza kwamba tuna sala ya nyumbani na baadaye tunakwenda kanisani, ila yeye apumzike, amechoka. Akasema, "Mimi ni Mmoraviani, mama. Lakini usiku wa leo nani atabaki nyumbani?"

Mtoto wetu wa pili akampa Biblia asome. Hakuwa na miwani, na mshumaa ni mshumaa. Aliishika imefunguka magotini, hakuitazama. Akasoma Luka kutoka kichwani, pole pole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema shambani. Kaisari Augusto. Kirenio. Yusufu anapanda, na mkewe mjamzito. Alipofika pale ambapo hawakupata nafasi hakubadilisha sauti wala kututazama, aliendelea tu kama anayesimulia jambo la kijijini kwao, lakini binti wa Kasulu alikuwa tayari amejifunika uso kwa kanga. Kitinda mimba akatoka na Mtoto Yesu wa udongo, akamlaza kwenye maganda ya mahindi.

Baba watoto akasimama. Hana chemli, alishika simu yenye tochi. Akaanza na babu. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia jina la baba mkwe likitajwa upande wa waliolala, na sauti ya mume wangu ilikwama pale, akarudia. Akajitaja, akanitaja, nikaitika "Nipo". Watoto wote watatu. Binti wa Kasulu, akaitika kwa nguvu. Halafu akamgeukia mzee, akamwomba jina lake, akalitaja kama alivyotaja mengine. Mzee akainuka kwanza, suruali fupi na yote, ndipo akaitika.

Bibi alikuwa ameshapiga mara tatu. Tukaunganisha video, picha ikawa inakwama na kuachia, tunaona migomba, tunaona paji la uso wake, tunaona migomba tena.

"Mko wangapi huko?" akauliza. Swali lake la kila mwaka.

"Saba, mama," baba watoto akasema.

"Saba? Nina sita hapa. Wa saba ni nani?"

Mume wangu akampa mzee simu. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mbali na uso jinsi wazee wanavyofanya.

"Bwana Yesu asifiwe, mama."

"Milele amina," bibi akajibu kwa mazoea yake ya Kikatoliki. "Umetoka wapi, mzee mwenzangu?"

"Umalila, mama. Mvua imenizuia. Wanao wamenipokea."

Picha ikakwama. Tukasikia kiti kinasogezwa, na kurasa za daftari.

"Usikate," bibi akasema. "Nitajie jina lako taratibu. Ngoja kwanza nitafute kalamu."